Kiti hakikatwi mafungu: barua za wana wa Sayyid Said na mabishano yetu ya mirathi

Tangu Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya iliposema kwamba mtoto wa Mwislamu asinyimwe urithi kwa sababu tu wazazi wake hawakuoana, baraza letu la Pumwani limesahau mpira. Kahawa chungu inamiminwa, kashata inapasuliwa, na kabla kikombe cha pili hakijafika mtu ameshamtaja Sayyid Said. "Nyinyi mnasema mtoto wa nje harithi," huanza yule mwenye sauti. "Haya, Sultani wa Unguja aliacha watoto 36. Hata mmoja hakuzaliwa na mke wa ndoa. Wote wakarithi. Sasa mnanijibu nini?"

Mzee wetu, aliyesoma chuoni Lamu kabla ya kuja mjini, hunyamaza akapuliza kahawa yake. Hajashindwa. Anajua kwamba ndani ya swali hilo yamefungwa maswali kadhaa, na kwamba ukijibu moja watu hudhani umeyajibu yote.

Nimekaa na swali hilo miezi mingi sasa, nikaona njia nzuri ya kulifungua ni kupitia ugomvi wenyewe unaotajwa: wana wa Sayyid Said bin Sultan, waliogombana tangu 1856 kwa zaidi ya miaka 30. Bahati yetu ni kwamba ukoo ule ulikuwa wa watu wa kuandika barua. Waliandikiana, waliwaandikia wafalme wa mbali, na mmoja wao aliandika mpaka uzeeni bila kujibiwa alivyotaka.

Tuanze na maneno, maana nusu ya kelele za barazani hutoka hapo. Mirathi ni mali ya mtu aliyekufa. Aliye hai hana mirathi, ana mali tu. Baba anayewagawia watoto ploti za Ruai akiwa mzima anatoa zawadi, hata kama ukoo mzima unaiita urithi. Faradhi ni mafungu ambayo Kurani yenyewe imeshayakata: mke hiki, binti hiki, mwana hiki. Wasia ni maneno ya marehemu juu ya mali yake, nayo katika sheria ya Kiislamu yana mpaka. Hayavuki theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, wala hayamwongezei mrithi juu ya fungu lake mpaka warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo baba hawezi kuandika kwamba nyumba ya Eastleigh yote ni ya kifungua mimba wake, akatia saini, mambo yakaisha.

Halafu kuna neno suria, na hapa ndipo hoja ya barazani inapoteleza. Suria alikuwa mtumwa wa kike ambaye bwana wake alimweka nyumbani kama mwenza. Hakuulizwa kama anataka. Hakuwa mke, lakini sheria ya wakati ule haikumhesabu hawara pia, kwa kuwa ilimpa bwana haki ya kulala naye. Kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa, baba akamkiri, alikuwa huru na halali, fungu lake sawasawa na la mtoto wa mke. Mama naye, akishazaa na bwana wake, hakuuzwa tena, na bwana akifa yeye anakuwa huru.

Wana wa Sayyid Said, basi, hawakuwa watoto wa nje. Walikuwa ndani ya sheria, ila waliingilia mlango ambao leo haupo. Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria kando. Walisubiri mpaka sheria ya 1909. Huku mwambao wa Kenya utumwa ulikuwa umefutwa 1907. Mlango huo umefungwa, na mimi nasema alhamdulillahi. Lakini maana yake ni kwamba Sayyid Said hawezi kuitwa shahidi wa upande wowote katika kesi ya 2025. Anayemtaja kutetea watoto wa nje amekosea, na anayemtaja kuwapinga amekosea vilevile, maana swali lililokuwa mbele ya majaji halikuwahi kuulizwa nyumbani kwake Mtoni.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini ugomvi wenyewe una mafunzo mengine kuhusu mirathi ambayo tunayachanganya kila siku.

Matatu na usukani wake

Baba amefariki, ameacha matatu ya abiria 14 inayofanya kazi Kayole. Gari ni mali. Lina bei, na kila jioni dereva analeta hesabu, yaani pato la siku. Bei inagawanyika na hesabu inagawanyika: mjane atapata chake, mabinti chao, wana chao, hata ikibidi gari liuzwe. Kuna kitu kimoja tu hakigawanyiki, nacho ni usukani. Huwezi kumpa kaka gia na mdogo wake breki mkafika Kayole salama.

Faradhi imekata mafungu ya gari na hesabu. Usukani haikuugusa. Utawala wa Sayyid Said ulikuwa usukani, na mashamba yake ya karafuu, nyumba, fedha na vyombo vyake vilikuwa gari. Shida ni kwamba wakati ule mstari kati ya mfuko wa Sultani na hazina ya dola haukuchorwa. Forodha ya Unguja, chemchemi kubwa ya pato, ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi, na fedha ya ukodi ilikwenda kwa Sultani mwenyewe. Aliyekamata usukani alikamata na hesabu. Ndiyo sababu ndugu waliogombea kiti walizungumza kama wanaogombea mirathi, na wasikilizaji wao wakachanganyikiwa, kama tunavyochanganyikiwa sisi.

Tugawe kwanza kinachogawanyika. Sayyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 baharini, karibu na Shelisheli, akirudi Unguja kutoka Maskati. Binti yake Salme, ambaye siku hiyo alikuwa na miaka 12, aliandika baadaye kwamba walibaki watoto 36, wanaume 18 na wanawake 18, masuria 75, na mke mmoja wa ndoa, Azza bint Seif, asiye na mtoto. Chukua hesabu hiyo ya Salme na ujifanye mali yote, baada ya sanda na madeni, ni shilingi 432,000. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anachukua thumni, yaani sehemu moja ya nane: 54,000. Zinabaki 378,000. Mwanamume anahesabiwa mafungu mawili na mwanamke moja, kwa hiyo wana wana mafungu 36 na mabinti 18, jumla 54. Gawanya: fungu moja ni 7,000. Kila binti 7,000, kila mwana 14,000. Masuria 75 katika faradhi hawana kitu. Chao ni uhuru kwa waliomzalia, pamoja na lolote ambalo marehemu aliwaachia kwa wasia.

Mwalimu wa hesabu wa darasa la nane angeimaliza kazi hiyo kabla ya kengele. Hakuna mahali pa kugombana. Na ona pia kwamba mabinti wamo. Huwa nasikia, hasa kutoka kwa watu wasiojua mambo ya pwani, kwamba zamani mwanamke hakupata kitu. Salme, mtoto wa miaka 12, alihesabiwa kuwa mtu mzima ili akabidhiwe chake, akapata shamba lenye nyumba pamoja na fedha taslimu. Miaka mitatu baadaye mamake, Djilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa kama mtumwa akawa suria, alikufa kwa kipindupindu na kumwachia mashamba matatu. Mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa alikufa akiwa mwenye ardhi. Sisemi hivyo kuupamba utumwa. Nasema tu kwamba sheria ile ilikuwa na vyumba vingi kuliko tunavyodhani.

Sasa ishike tarehe hiyo, 19 Oktoba 1856. Mirathi hupimwa siku ya kufa. Nani alikuwa hai siku hiyo, nani alikuwa mke siku hiyo, nani alikuwa wa dini gani siku hiyo. Mambo ya kabla na ya baada hayahesabiwi, hata yakiwa ya kuliza. Mwana mkubwa, Hilal, alikuwa amefia Aden 1851 baada ya kukosana na babake. Khalid alikufa 1854. Hao hawamo katika wale 36, na kama waliacha watoto, wajukuu hao wangezuiwa na ami zao walio hai. Hapa ndipo sheria zetu mbili zinapoachana. Kwa sheria ya urithi ya Kenya inayowahusu wasio Waislamu, mtoto akitangulia kufa, watoto wake huchukua fungu lake. Kwa faradhi, mjukuu hapati mwana wa marehemu akiwepo. Babu anayewahurumia hutumia ile theluthi ya wasia. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo mmoja wa South C, nusu Wakristo na nusu Waislamu, ambapo wajomba na wajukuu walirushiana maneno mchana kutwa juu ya jambo hili, kila upande ukidhani mwenzake ni mwizi. Kumbe kila upande ulikuwa unasoma kitabu chake.

Barua iliyopitwa na kifo

Sayyid Said aliona mbali kuhusu usukani. Mwaka 1844 alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kumjulisha kwamba baada yake Khalid atashika milki za Afrika na Thuwaini milki za Oman. Waweza kujiuliza kwa nini mtawala wa Kiarabu ampelekee Mwingereza habari za wanawe. Jibu ni kwamba hakukuwa na kadhi ambaye angeweza kuukubali wasia wa namna hiyo. Kwa madhehebu ya Kiibadhi, ambayo ndiyo ya ukoo ule, kiongozi, yaani Imamu, huchaguliwa na wenye uzito katika jamii, na kwa desturi ya Oman uzito huo mara nyingi ulikuwa wa panga. Said mwenyewe aliupata utawala 1806 baada ya kumuua binamuye, Badr bin Seif. Wala hakuwahi kuwa Imamu, ingawa barua za Waingereza ziliendelea kumwita hivyo miaka nenda miaka rudi. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba neno lake halitaishi kuliko yeye, ila likipata mlinzi mwenye manowari.

Halafu Khalid akafa kabla ya baba. Barua ya 1844 ikabaki na jina la marehemu, na nafasi yake Unguja akakaa Majid. Miaka miwili baadaye baba naye akafa, na waliobaki wakawa watatu wenye kuutaka usukani: Thuwaini, aliyekuwa Maskati, Majid, aliyekuwa Unguja, na Barghash, kijana aliyekuwa ndani ya meli na babake alipokata roho. Barghash aliishusha maiti usiku, akaizika kimya kimya, kisha akajaribu kuwahi kuyakamata mamlaka kabla mji haujaamka na msiba. Hakufaulu.

Majid akakaa. Thuwaini akalalamika. Akaja ndugu wa kuwasuluhisha, na Majid akakubali kutoa reale 40,000 kila mwaka kwenda Maskati. Reale hizo ndizo zilizozua vita vya maneno. Thuwaini alisema ni kodi ambayo mdogo anamlipa mkubwa wake, kwa hiyo Unguja ni yake. Majid alisema ni msaada wa ndugu kwa ndugu. Alipoacha kulipa, Thuwaini alipakia watu vyomboni mwaka 1859 aje kujichukulia, Waingereza wakamkuta njiani wakamshawishi arudi.

Rudi kwenye matatu. Baba ameacha magari mawili. Moja linafanya njia yenye abiria asubuhi na jioni, jingine liko njia kavu. Mwana wa kwanza kapewa usukani wa njia kavu, wa pili wa njia tamu. Wa njia tamu anampelekea mwenzake kitu kila mwezi. Je, anapeleka hesabu, kama dereva kwa mwenye gari? Au anasawazisha, kama ndugu kwa ndugu? Fedha ni ileile. Lakini jibu la kwanza linamfanya kuwa mwajiriwa, la pili linamfanya kuwa mwenye gari.

Ndugu wote wawili walikubali jambo hilo liamuliwe na Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza kule India. Tume ya Brigedia Coghlan, afisa wa Kiingereza, ikachunguza, ikapitia barua za zamani, na kuona kwamba katika ukoo ule kuzaliwa wa kwanza hakukuwa haki ya kutawala, wala maneno ya baba hayakutosha. Tarehe 2 Aprili 1861 Canning aliwaandikia. Majid abaki mtawala wa Unguja na milki za Afrika. Alipe Maskati reale 40,000 kila mwaka, pamoja na deni la miaka miwili. Na malipo hayo, ikaeleza barua, yasichukuliwe kuwa alama ya Unguja kuwa chini ya Maskati. Ni kusawazisha urithi wa watu wawili usiolingana. Ndugu wote wawili waliandika kukubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikatangaza pamoja kwamba zinaziheshimu dola zote mbili kuwa huru.

Kwa sentensi ile moja ya kusawazisha, milki iliyokuwa moja ikawa mbili. Canning hakufuata faradhi. Kama angefuata, ndugu wengine wote, pamoja na Salme, wangedai reale zao katika zile 40,000. Aligawa usukani kwa lugha ya mirathi. Nadhani hilo ndilo kosa tulilorithi: tukisikia neno urithi tunadhani kuna aliyekaa na kalamu akapiga hesabu ya haki, kumbe mara nyingine aliyekaa hapo alikuwa na manowari nje ya dirisha, na haja zake mwenyewe.

Mkono uliowaandikia wengine

Mabinti wa jumba la Mtoni walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Barghash alipopanga tena kumpindua Majid, safari hii akiwa na dada zake ndani ya njama, msichana huyo wa miaka 15 ndiye aliyekuwa karani. Barua za siri kwa wakubwa waliotarajiwa kumuunga mkono zilitoka mkononi mwake. Uasi ulishindwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake. Barghash, aliporudi na kuona dada amepatana na Majid, yeye hakusamehe.

Mengine yanajulikana zaidi, na yamesimuliwa kama hekaya ya mapenzi mpaka maana yake ya kisheria imepotea. Salme alipata mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa huko kwa jina la Emily na siku hiyohiyo akaolewa. Wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo. Oktoba mwaka huohuo Majid akafa Unguja, na Barghash, yule aliyeandikiwa barua za siri, akawa Sultani.

Barazani husemwa kwamba Salme alinyang'anywa urithi kwa kuolewa na Mzungu. Sivyo, au niseme si hivyo tu. Tumia kanuni yetu ya tarehe. Babake alikufa 1856, mamake 1859. Siku zote mbili Salme alikuwa Mwislamu. Mafungu yale alikuwa ameshayapata, na kilichopokewa hakirudi kuwa mirathi. Kuhusu hayo mtu anaweza kugombana juu ya mali ya aliye hai, lakini si juu ya nani ni mrithi. Majid, kwa upande mwingine, alikufa 1870 akiacha binti mmoja. Binti wa pekee huchukua nusu, mjane hupewa thumni, na kinachobaki huwaendea ndugu wa marehemu, wanaume kwa wanawake. Salme wa 1865 angekuwa katika safu hiyo. Salme wa 1870 alikuwa Mkristo, na hadithi ya Mtume inayotegemewa na madhehebu karibu yote ni fupi: Mwislamu hamrithi kafiri, wala kafiri hamrithi Mwislamu. Kila ndugu aliyefariki baada ya ule ubatizo wa Aden alikuwa mlango mwingine uliofungwa.

Waona kwamba kadhi wa Unguja asingehitaji chuki ili kumnyima. Kalenda ingetosha. Lakini chuki ilikuwepo, na siasa ilikuwepo zaidi. Barghash alipozuru London 1875, Salme alikwenda huko akitaka kuonana naye. Anaeleza kwamba Sir Bartle Frere, afisa wa serikali ya Uingereza, alimsihi asijaribu, akaahidiwa kwamba watoto wake wataangaliwa, na mgeni alipoondoka ahadi ikaondoka naye. Agosti 1885 aliletwa Unguja kwa meli ya Kijerumani huku manowari za Bismarck, kansela wa Ujerumani, zikiwa zimetia nanga mbele ya jumba la kaka yake. Wajerumani walitaka Barghash aache kupinga madai yao ya bara, yale ya mikataba ambayo Mjerumani Carl Peters aliitia saini na machifu wa huko. Madai ya mjane juu ya mirathi yalikuwa kisingizio kizuri cha kubaki bandarini. Barghash alikubali masharti ya Wajerumani mwezi huohuo. Kuhusu fedha za dada, kilichotolewa kilikuwa kidogo, naye akakikataa. Alirudi tena 1888, mwaka ambao Barghash alikufa, akaondoka mikono mitupu. Aliishi Beirut miaka mingi, akafia Jena mwaka 1924.

Aliendelea kuandika. Mbali na kumbukumbu alizochapisha 1886, aliacha barua ndefu kama za kumwandikia rafiki aliyebaki Unguja, ambazo hazikuchapishwa akiwa hai. Ndani yake mna baridi, nyumba za kupanga, hesabu za senti, na upweke wa mtu asiyejua siku yake ya ibada ni ipi. Kwangu mimi hizo zina uzito kuliko barua ya Canning. Canning alikuwa akigawa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Na sisi huku

Mtu ataniuliza, yote hayo yanatufikiaje Nairobi? Yanatufikia kwa barua nyingine. Zile "milki za Afrika" za Majid zilikuwa pamoja na Mombasa, Malindi na Lamu. Desemba 1895 Sultani wa Unguja aliukodisha mwambao huo kwa Waingereza, ukabaki kwa jina kuwa wake. Uhuru ulipokaribia ilibidi arudishwe mezani, na tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua. Moja ya ahadi zilizoandikwa ni kwamba mahakama za kadhi zitalindwa. Kadhi aliye Nairobi leo, anayepiga hesabu ya thumni na theluthi kwa ajili ya familia ya Eastleigh, amekaa juu ya barua hiyo pamoja na katiba iliyoifuata.

Katiba ya 2010 inampa kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa sharti kwamba wote waliomo katika kesi ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Salme angefika leo na madai yake, asingesikilizwa kwa kadhi. Angepanda ngazi za Mahakama Kuu, Milimani, na huko wakili wake angeanza kuzungumza juu ya usawa na ubaguzi wa dini. Jinsi majaji wangemjibu sitabashiri.

Hukumu ya 2025 nayo ilipitia njia hiyo ya mahakama za kawaida, na inasomwa vibaya pande zote mbili. Haikufuta faradhi. Haikusema binti na mwana wapate sawa. Haikuwafungulia wasio Waislamu mlango ambao Salme aliukuta umefungwa. Ilisema kwamba nafasi ambayo katiba imeiachia sheria ya Kiislamu isitumiwe kumwadhibu mtoto kwa jambo walilolifanya wazazi. Masheikh wengi wameipinga, wakisema nasaba ndiyo mlango wa faradhi na ukiuvunja mlango huo hesabu yote inaanguka. Hoja yao ina uzito, na haijibiwi kwa kelele. Ila haijibiwi pia kwa kumfufua Sayyid Said.

Ijumaa iliyopita alikuja kijana mmoja pale barazani, bahasha ya kaki kwapani, macho mekundu. Nyumba ya babake Kariobangi, ndugu wanane, mama wawili, dada mmoja ameokoka. Wenye sauti wakaanza mara moja: huyu anapata, yule hapati. Mzee aliweka kikombe chini, akamsogezea benchi.

"Kaa, mwanangu. Waache hao. Babako alifariki tarehe ngapi?"